Kujua kwa Mikono: Somo Fupi Kuhusu Akiolojia ya Majaribio

Kabla sijaanza somo nina swali moja. Umeachiwa mbuzi aliyekwisha kuchinjwa, na aliyemchinja ameondoka na kisu chake. Wageni wako njiani. Panga hakuna, wembe hakuna, hata kipande cha chupa hakuna. Ulicho nacho ni mikono miwili na mto wenye mawe tele. Je, wageni watakula nyama?

Wenzangu niliowauliza swali hili walijibu kila namna. Mmoja alisema atambanika mbuzi mzimamzima na manyoya yake. Mwingine akasema, "Wageni watakunywa chai tu, bwana!" Hakuna hata mmoja aliyesema, "Nitatengeneza kisu." Ajabu ni kwamba viumbe walioishi katika nchi hii yetu miaka milioni moja iliyopita wangelijibu swali hilo bila hata kukuna kichwa. Wangeokota jiwe, wagonge, wachune, wakate. Sisi tunaojua hesabu za logi na jedwali la elementi tungebaki tumeshika tama.

Basi somo langu la leo linahusu wataalamu walioamua kuyarudia maisha ya watu wa kale kwa mikono yao wenyewe. Nia yangu ni kukuonyesha mambo mawili: kwamba watu wa kale hawakuwa wajinga kama tunavyodhani, na kwamba baadhi ya ujuzi wao bado uko vijijini mwetu, ila unaondoka haraka kuliko tunavyofikiri.

1. MAANA YA AKIOLOJIA YA MAJARIBIO

Akiolojia, kama tulivyofundishwa katika somo la Historia, ni elimu ya kuchunguza maisha ya kale kwa kufukua na kusoma vitu ambavyo watu waliviacha. Taabu ya elimu hii ni moja: vitu havisemi. Anayefukua hupata jiwe, kigae cha chungu, jivu na mfupa. Kamba imekwisha kuoza. Ngozi imeoza. Nyasi za paa, mpini wa mti, kikapu na kitanda, vyote vimeliwa na mchwa zamani. Kilichobaki ni kama hadithi ambayo kurasa tisa kati ya kumi zimechanwa.

Zamani mtaalamu angelitazama jiwe, akakuna ndevu zake, akasema, "Nadhani hili lilikuwa la kukatia." Mwenzake angesema, "La, nadhani lilikuwa la kuchimbia." Wangebishana mpaka jua lizame. Ndipo wengine wakasema: mbona tubishane? Hebu tutengeneze jiwe kama hilo, tukate, tuchimbe, kisha tuone.

Hiyo ndiyo akiolojia ya majaribio. Mtaalamu hutengeneza kitu kwa malighafi ambayo watu wa kale walikuwa nayo na kwa njia ambayo ingewezekana zama zile. Hukitumia. Hupima muda, uzito na joto. Huandika kila kitu, hata kile kilichoharibika. Mwishowe huchukua mabaki ya jaribio lake, akayalinganisha na mabaki ya kale yaliyofukuliwa. Alama zikifanana, amepata fununu. Zisipofanana, arudi akajaribu njia nyingine.

Ukitazama vizuri utaona ni kama tu majaribio ya maabara yetu: swali, vifaa, hatua, matokeo na uamuzi. Kwa hiyo mtu anayejifunga ngozi ya mbuzi kiunoni na kupigwa picha ameshika mkuki hajafanya jaribio lolote. Huyo anaigiza. Jaribio lazima liwe na swali, tena swali ambalo jibu lake laweza kuwa "hapana".

2. JIWE LINALOKATA

Sasa twende Olorgesailie, Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara ya Magadi. Louis na Mary Leakey walipafikia mahali hapa mwaka wa 1942, wakakuta mashoka ya mkono mengi ajabu yametapakaa ardhini. Mengi yameachwa pale pale yalipokutwa, na mgeni huyatazama akipita juu ya njia ya mbao. Viumbe wa jamii ya binadamu walitengeneza zana hapo kuanzia miaka kama milioni 1.2 iliyopita mpaka kama miaka 490,000 iliyopita. Wanafunzi wengi tukifika huko hutazama mara moja, tukasema, "Kumbe ni mawe tu!" kisha tukauliza chakula cha mchana kitaliwa saa ngapi.

Louis Leakey hakusema ni mawe tu. Alijifunza kuyatengeneza mwenyewe, akawa hodari wa kuchonga zana ya jiwe mbele ya watazamaji na kumchuna mnyama kwa zana hiyo hiyo. Wengi waliokuja wakiwa na mashaka waliondoka wameyameza mashaka yao.

Jiwe hutengenezwaje basi? Si kugonga tu ovyo ovyo. Kwanza unahitaji jiwe la kugongea, gumu na la mviringo, linalotosha kiganjani. Pili unahitaji jiwe la kugongwa, ambalo nitaliita jiwe mama. Hili liwe la aina inayovunjika kama kioo, mathalani obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa ambalo hupatikana pande za Naivasha na Gilgil, au jiwe la volkano lililo laini ndani. Tatu, na hapa ndipo penye siri, lazima utafute ukingo wenye pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Ukigonga karibu na ukingo huo, kwa nguvu ya kadiri na kwa mshazari, kibanzi chembamba huruka kutoka upande wa chini. Ukigonga katikati, utapata maumivu ya kifundo cha mkono na jiwe litakaa vile vile likikutazama.

Kwa maneno mengine, aliyetengeneza zana hizi alijua kuchagua jiwe, alijua pembe, na alijua kufikiria pigo la pili kabla hajapiga la kwanza. Jiometri hiyo ilikuwa mikononi mwake, si katika daftari.

Nicholas Toth na Kathy Schick, wataalamu kutoka Marekani, ni miongoni mwa waliolitia jambo hili kwenye mizani. Toth alifanya majaribio yake ya awali kwa mawe ya Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba zana za kale kabisa zilikuwa yale mawe mama yaliyochongwa upande, na kwamba vibanzi vidogo vilikuwa takataka za kazi. Majaribio yaliyapindua mawazo hayo. Vibanzi vile vilivyodharauliwa ndivyo vilivyokata ngozi na nyama kwa urahisi, na mara nyingi jiwe mama lilikuwa ni mabaki tu. Takataka ikawa kisu, na kisu kikawa takataka!

Wakaenda mbele zaidi. Walipata tembo waliokufa vifo vya kawaida, wakawakata kwa vibanzi vya mawe. Ngozi ya tembo ina unene wa karibu inchi moja, lakini vibanzi vidogo vya jiwe viliipasua. Sasa kumbuka kwamba huko Olorgesailie ulifukuliwa mfupa kwa mfupa wa tembo wa aina iliyotoweka duniani, akiwa amezungukwa na zana za mawe, na umri wa mabaki hayo ni karibu miaka milioni moja. Zamani mtu angeuliza, "Vijiwe hivi vingemfanya nini tembo?" Leo jibu lipo, tena limejaribiwa.

Labda utasema, "Ah, hata nyani anaweza kugonga mawe." Swali hilo nalo limejaribiwa. Kuanzia mwaka wa 1990, huko Marekani, sokwe wa aina ya bonobo aitwaye Kanzi alionyeshwa jinsi ya kutoa vibanzi. Chakula kiliwekwa ndani ya sanduku lililofungwa kwa kamba, ili apate sababu ya kutaka kisu. Kanzi alijifunza kweli. Akavumbua hata njia yake ya kulitupa jiwe kwa nguvu kwenye sakafu ngumu likapasuka. Lakini wataalamu walipolinganisha mawe yake na zana za Gona, nchini Ethiopia, zenye umri wa kama miaka milioni 2.6, waliona kwamba watengenezaji wa Gona walimshinda Kanzi kwa ustadi. Kanzi alifariki mwaka wa 2025, lakini vibanzi vyake vimetuachia kipimo kizuri.

Na si Gona tu. Mwaka wa 2011, kundi lililoongozwa na Sonia Harmand na Jason Lewis liligundua zana nyingine huko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana. Habari zake zilitangazwa mwaka wa 2015: umri wake ni miaka milioni 3.3! Mawe hayo ni makubwa, mengine ya kilo 15. Wataalamu walipojaribu kutengeneza mfano wake waliona kwamba hayakuhitaji ufundi wa vidole kama ule wa baadaye. Mtengenezaji aliweza kulinyanyua jiwe kwa mikono miwili na kulipiga juu ya jiwe jingine lililolala chini. Bila kujaribu, nani angeyajua hayo?

3. NYUMBA, MOSHI NA NYANYA YANGU

Tuyaache mawe, tuingie nyumbani. Katika nchi ya Denmark, mwaka wa 1964, Hans-Ole Hansen alianzisha kituo cha majaribio mahali paitwapo Lejre. Huko walijenga nyumba za kale, na mwaka wa 1967 wakaiteketeza moja makusudi ili waone moto huacha alama gani ardhini. Uingereza nayo ilifuata. Mwaka wa 1972 Peter Reynolds alianza kazi katika shamba la Butser, akajenga nyumba za msonge kama zile zilizokuwa huko zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Reynolds hakuwa na nyumba ya kuiga. Alikuwa na matundu ardhini tu, pale nguzo ziliposimama zikaoza. Swali mojawapo lilikuwa hili: moshi wa mekoni ulitokea wapi? Wachoraji wa vitabu walizoea kuchora tundu kileleni mwa paa. Jaribio lilionyesha kwamba tundu hilo ni hatari. Hewa huvutwa juu kwa nguvu, cheche hupaa, na paa la nyasi laweza kushika moto. Bila tundu, moshi hupanda, hutanda chini ya paa, kisha hupenya polepole katikati ya nyasi. Ukiwa juu huko hufukuza wadudu na kukausha vilivyoning'inizwa.

Niliposoma habari hizi nilienda kwa nyanya yangu, aliyezaliwa na kulelewa katika nyumba ya nyasi. Nikamuuliza, "Nyanya, nyumba yenu ilikuwa na tundu la moshi juu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe hutaga mayai. "Tundu la nini, mjukuu wangu? Mlitaka tuungue?"

"Na moshi ulienda wapi?"

"Ulipita kwenye nyasi. Na mahindi ya mbegu tuliyatundika pale juu, dumuzi asiyaguse. Kwani huko shuleni mnafundishwa nini?"

Msomaji wangu, nilinyamaza. Jambo ambalo wasomi wa Ulaya walilazimika kulitafuta kwa majaribio, nyanya yangu alikuwa nalo kichwani akichambua mboga. Wao walikuwa wamelisahau kwa sababu kwao uzi ulikatika karne nyingi zilizopita. Kwetu uzi bado haujakatika. Lakini umebaki mwembamba, maana nyumba za nyasi zimepungua, na wanaojua kuziezeka wamezeeka.

Jaribio jingine la Butser lilihusu nafaka. Wafukuaji walikuwa wameona mashimo mengi marefu ardhini, wasiamini kwamba nafaka ingeweza kukaa humo majira yote ya baridi bila kuoza. Reynolds alilijaza shimo nafaka, akaliziba juu kwa udongo. Punje zilizogusa kuta zenye unyevu zilianza kuota, zikaitumia oksijeni iliyokuwamo na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi. Oksijeni ilipokwisha, zilizosalia zikalala usingizi, na shimo lilipofunguliwa nyingi zilikuwa salama, zinafaa kuliwa na hata kupandwa. Angalia maarifa hayo: punje chache zinajitoa mhanga, wenzao wapone.

4. WAZEE WA BUHAYA NA CHUMA

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko karibu nasi, katika Mkoa wa Kagera, Tanzania, magharibi mwa Ziwa Victoria. Hapa ndipo utakapoona kwa nini nimesema ujuzi unaondoka.

Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma tangu kale. Katika ghuba ya Kemondo zimefukuliwa tanuri za chuma zenye umri wa miaka kama 1,500 hadi 2,000. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, vyuma vya bei rahisi kutoka Ulaya vilijaa sokoni. Nani angeunguza makaa siku kutwa apate jembe, ilhali dukani kuna majembe? Moto ukazimika.

Mwaka wa 1976, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa madini Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya, ambao waliifanya kazi hiyo katika ujana wao, wajenge tanuri tena na kuyeyusha chuma. Miongo ilikuwa imepita. Wazee walilazimika kukumbuka pamoja, huyu akitaja hili na yule akisahihisha lile, wajaribu na kurekebisha.

Walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo huvumilia joto. Walichoma matete ya bwawani ndani ya shimo hilo mpaka yakawa makaa meusi. Juu yake wakajenga kuta kwa udongo na mabonge ya mavi ya chuma ya zamani. Wakafinyanga neli za udongo, wakaziingiza ndani ya tanuri, na mwisho wa kila neli wakaweka mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza, kisha yakatiwa pamoja na makaa ya miti. Wavukutaji wakaanza kuvukuta, saa baada ya saa, kwa mwendo mmoja. Moto ulipozimwa na tanuri kubomolewa, ndani kulikuwa na chuma cha kufuliwa. Zaidi ya hayo, sehemu ya chuma hicho ilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua!

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1978 katika jarida maarufu la sayansi la Marekani, na mabaki ya tanuri la wazee yakalinganishwa na yale ya Kemondo. Watu waliozoea kuandika kwamba Afrika haikuwa na ufundi walipata kazi ya kufuta walichoandika.

Lakini hebu fikiri. Jaribio hilo lingechelewa miaka 20 zaidi, nani angekuwapo wa kusema, "Chukueni udongo wa kichuguu"? Tungebaki na neli zilizovunjika na mavi ya chuma, tukibishana. Wazee wale walikuwa maktaba, na maktaba ile ilikuwa imebakiza siku chache kabla ya kufungwa.

5. TAHADHARI: "YAWEZEKANA" SI "NDIVYO ILIVYOKUWA"

Somo lisilo na tahadhari ni kama ugali bila mboga. Usije ukaondoka hapa ukidhani kwamba jaribio likifaulu, basi historia imethibitishwa. Jaribio hutuambia kwamba jambo liliwezekana. Halituambii kwamba ndivyo lilivyofanyika. Kutoka Nairobi hadi Mombasa mtu aweza kwenda kwa basi, kwa gari la moshi au kwa miguu. Ukienda wewe kwa miguu, umeonyesha kwamba inawezekana. Hujaonyesha kwamba babu yako alikwenda kwa miguu.

Nitakupa mfano. Mwaka wa 1985 Toth alieleza kwamba kwa kuangalia ni upande gani wa kibanzi umebaki na ganda la nje la jiwe, anaona kwamba wengi wa watengenezaji wa Koobi Fora walitumia mkono wa kulia. Wengi walifurahia habari hiyo. Kisha wengine wakafanya majaribio yao, wakasema alama zile zaweza kutegemea jinsi jiwe linavyozungushwa, awe mgongaji ni wa kulia au wa kushoto. Vivyo hivyo kuhusu tanuri la Buhaya: Schmidt na Avery walisema neli zilizoingia ndani zilipasha hewa joto kabla haijafika kwenye moto, na wataalamu wengine wakalipinga dai hilo. Mabishano ya namna hii si aibu. Ndiyo sayansi yenyewe.

Tahadhari ya pili ni kwamba mikono yetu si mikono yao. Mtu wa kale alianza kuona mawe yakigongwa akiwa mtoto mgongoni mwa mamake. Mimi na wewe tumekulia kalamu na kijiko. Tukichukua saa nzima kutoa kibanzi kimoja, tusiandike kwamba kazi hiyo huchukua saa nzima. Tuandike kwamba ilituchukua sisi saa nzima.

Tahadhari ya tatu ni subira. Huko Overton Down, Uingereza, mwaka wa 1960 wataalamu walijenga tuta la udongo na mfereji kando yake, wakazika ndani ya tuta nguo, ngozi, mbao na mifupa, ili wafukue sehemu baada ya sehemu waone vinavyooza. Ufukuzi wa mwisho umepangwa baada ya miaka 128, yaani mwaka wa 2088. Walioanza walijua fika kwamba hawatauona mwisho. Nasi tukipanda mchicha leo, kesho asubuhi tunaenda kuuchungulia!

6. CHAMA CHETU KIFANYE NINI?

Huenda unajiuliza: haya yote yanahusianaje na chama cha Kiswahili? Yanahusiana sana. Lugha nayo ni ardhi yenye vitu vya kale. Chukua neno kupekecha. Leo tunasema fulani anapekecha fitina. Lakini asili yake ni kuzungusha kijiti haraka kati ya viganja juu ya mti mwingine mpaka moto utoke, na kijiti hicho kina jina lake: ulindi. Kuna kuvukuta, kuna kufua, kuna kufinyanga, kuna kuwamba ngozi, kuna kusokota kamba. Kila neno hapo ni kazi ya mikono. Mikono ikiiacha kazi, neno hubaki kamusini kama jiwe la Olorgesailie, watu wakilipita na kusema, "Kumbe ni neno tu!"

Kwa hiyo napendekeza kila mwanachama afanye jaribio moja dogo wakati wa likizo. Kusaga wimbi kwenye jiwe la kusagia kunafaa sana, maana hakuna hatari. Fuata hatua hizi:

(a) Andika swali lako kabla ya kuanza. Kwa mfano: kikombe kimoja cha wimbi huchukua muda gani kusagika?

(b) Mtafute mzee aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Muulize kwa adabu, na uandike majina ya vifaa na vitendo kama anavyoyataja yeye, kwa lugha yake.

(c) Fanya wewe kwanza, kisha umwombe mzee afanye. Pima muda wa kila mmoja.

(d) Angalia jiwe kabla na baada. Limelika wapi? Magoti yako yaliumia wapi? Mambo hayo nayo ni habari.

(e) Andika matokeo yote, mazuri na mabaya. Kisha sema ni nini kinachowezekana na ni nini bado hakijulikani.

Wale wenye hamu ya kugonga mawe wasifanye hivyo bila mwalimu. Kibanzi cha obsidiani ni chembe ya kioo, na jicho halina spea. Vaeni miwani ya maabara, viatu na glavu, mkae mahali penye hewa. Mkimaliza, kusanyeni vibanzi vyote, mvifukie pamoja na sarafu ya mwaka huu, ili atakayevifukua miaka elfu ijayo asidhani mliishi zama za Olorgesailie. Tena msiguse wala kuokota zana katika maeneo ya kale. Sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi za kitaifa inayalinda. Ukikiona kitu cha kale, kiache mahali pake, kisha uwajulishe Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Nami naongeza kwamba penye wazee haliharibiki jembe, chungu wala tanuri, mradi tu awepo kijana wa kuuliza. Likizo ya Agosti haiko mbali. Nenda na daftari.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya kuigiza maisha ya kale na kuyafanyia jaribio.
2. Ni mawazo gani kuhusu vibanzi vya mawe yaliyopinduliwa na majaribio?
3. Kwa nini tundu la moshi kileleni mwa paa la nyasi ni hatari?
4. "Yawezekana si ndivyo ilivyokuwa." Fafanua kauli hii kwa mfano wako mwenyewe.
5. Taja vitenzi vitano vya lugha ya nyumbani kwenu vinavyotaja kazi za mikono ambazo huzijui kuzifanya. Ni nani kijijini anayezijua?

MSAMIATI

Kibanzi: kipande chembamba kilichobanduka kutoka kwenye jiwe au mti.
Kigae: kipande cha chungu kilichovunjika.
Mavi ya chuma: uchafu unaobaki mawe ya chuma yakiyeyushwa.
Mvukuto: chombo cha ngozi cha kupulizia hewa motoni.
Ulindi: kijiti kinachopekechwa juu ya kipande cha mti ili kutoa moto.